Mhispania Aliyepewa Sauti na Baba

Harufu ya petroli ikichanganyika na ya mbao mpya hunirudisha mpaka leo kwenye benchi la tatu la chumba cha video cha baba yangu. Chumba hicho kilijengwa kwa mbao juu ya mawe meusi ya volkano, kando ya barabara inayopanda kutoka Himbi, mtaa wa Goma, na hakikuwa na dirisha hata moja. Mama alikuwa ameziba nyufa kwa vitambaa vyeusi, lakini jua la alasiri lilipenya hivyo hivyo na kuchora mistari myembamba kwenye migongo ya watu. Nje jenereta ilinguruma, ndani watu walitafuna karanga, na mbele kabisa, ubavuni mwa televisheni, baba alikaa juu ya kreti ya soda akiwa na mikro, kipaza sauti chake, mkononi. Mtaa mzima ulimwita Papa Mikro. Filamu zilizofika Goma wakati ule zilizungumza Kiingereza, Kichina, Kihindi, Kiitaliano, na baba hakujua hata moja kati ya lugha hizo. Alijua Kinande cha kwao Butembo, Kiswahili, na Kifaransa cha kuandikia barua kwa mkuu wa shule. Hata hivyo watu walitembea kutoka Kibati, mbali nje ya mji, kuja kumsikiliza akitafsiri.

Nasema akitafsiri kwa sababu ndilo neno tulilotumia. Ukweli ni kwamba kila asubuhi kabla ya kuonyesha filamu mpya, baba alijifungia chumbani peke yake, akaitazama filamu nzima bila sauti, mara mbili, mara tatu. Alikuwa anatazama nyuso. Baada ya hapo aliamua nani ni nani, nani amemkosea nani, na wanasema nini. Nilipokuwa mdogo sana niliamini kwamba wazungu wote na Wachina wote wana ng'ombe na shamba la urithi, kwa kuwa katika filamu za baba hakuna ugomvi uliohusu kitu kingine. Nilipofika darasa la tano, mwaka ninaousimulia, nilikuwa nimeshaanza kushuku. Nilikuwa mtoto wa maswali. Mama, ambaye alifundisha Kifaransa shule ya msingi, alikuwa akisema nitamaliza meno kabla sijamaliza kuuliza.

Filamu iliyopendwa kuliko zote iliitwa tu filme ya farasi. Ilikuwa ya zamani, rangi zake zimechujuka, na ndani yake mlikuwa na jangwa, kofia pana na bastola. Shujaa wake alikuwa kijana mwenye macho ya bluu, lakini watu wa mtaani kwetu hawakuja kwa ajili ya kijana huyo. Walikuja kwa ajili ya mtu mmoja mwembamba mwenye masharubu na kovu shavuni, ambaye baba alimpa jina la Lukasi. Katika masimulizi ya baba, Lukasi alikuwa mfugaji aliyenyang'anywa ng'ombe zake zote, akaondoka kwao milimani, akakaa miaka mingi katika nchi ya watu, na sasa yuko safarini kurudi kwa mama yake. Kabla ya nusu ya filamu anapigwa risasi. Anaanguka mchangani, na picha inabaki juu ya uso wake muda mrefu, mrefu kupita kiasi, midomo ikichezacheza. Hapo baba alishusha sauti, akasema polepole: "Mama, usifunge mulango. Niko njiani." Wanawake walipiga ulimi. Hangi, kijana wa chukudu aliyeteremsha viazi kutoka Kibumba kwa ile baiskeli yake ya mbao isiyo na pedeli, alikuwa ameiona filamu hiyo mara nyingi kuliko mtu yeyote, na kila mara alifuta macho kwa kofia yake.

Ilikuwa katika likizo kubwa, wakati wa kiangazi, vumbi jeusi likiingia mpaka kwenye vikombe, alipokuja yule mzee. Jumapili, baada ya misa. Wazungu hawakuwa ajabu kwetu, walipita Himbi kila siku ndani ya magari yao meupe, vioo vimefungwa. Ajabu ilikuwa kumwona mmoja kwa miguu, peke yake, amevaa kofia ya majani, amesimama mlangoni kwa baba akisikiliza muziki wa filme ya farasi kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Aliinama akaingia. Hangi alisogea, akampa nafasi kwenye benchi. Mimi nilikuwa nyuma yao, kwa hiyo niliona yote. Lukasi alipotokea kwenye televisheni, mzee alivua kofia. Lukasi alipoanguka mchangani, mzee akasimama wima.

"Muzee, kaa chini! Unatufunika!" watu walipiga kelele.

Hakuelewa, au hakusikia. Alisimama mpaka picha ilipohama usoni mwa Lukasi, kisha akaketi, na muda uliobaki hakuitazama tena filamu, aliwatazama watu. Filamu ilipokwisha na pazia la mlangoni kufunguliwa, alikwenda moja kwa moja kwa baba, akaonyesha televisheni kwa kidole, kisha akajigusa kifuani.

"Kavira, kuja hapa," baba aliniita. "Huyu muzee anataka nini?"

Nilisogea. Mzee alizungumza Kifaransa kibovu, nacho changu kilikuwa cha darasa la tano, kwa hiyo tulielewana vizuri. Nilimwomba arudie mara mbili ili nisimwambie baba kitu cha kijinga.

"Papa, anasema ni yeye."

"Yeye nani?"

"Lukasi. Anasema Lukasi ni yeye."

Baba alimtazama. Masharubu hayakuwapo, kovu halikuwapo, nywele zilikuwa nyeupe na chache. Lakini mzee aliinua unyusi mmoja, wa kushoto, kama mtu anayengoja jibu, na baba aliujua unyusi ule kuliko mtu mwingine yeyote duniani. Aliweka mikro chini. "Mwambie hii diski nilinunua sokoni," aliniambia haraka haraka. "Mwambie sikuiba kitu ya mutu." Nilisema hivyo. Mzee alitikisa kichwa, hakuwa na haja na diski. Alitaka kujua jambo moja tu: je, baba alimfanya aseme nini, hata watu wakalia?

Siku ya pili alikuja nyumbani, safari hii akiwa na Masere Pilar. Sote tulimjua Masere. Alikuwa mtawa wa zahanati, mwanamke mfupi, mkavu, aliyeishi Goma miaka thelathini na kuzungumza Kiswahili chetu pamoja na matusi yake yote, ingawa hayo aliyasikia tu, hakuyatumia. Hatukujua kama ana ndugu. Kumbe huyu alikuwa kaka yake mkubwa, jina lake Eusebio, mwigizaji wa jukwaani na wa filamu huko Hispania, amekuja kumtembelea kwa mara ya kwanza. Mtaani jina hilo liligeuka Papa Ezebio kabla chai haijapoa. Mama alileta vikombe vya wageni na kukaa kati yao ili atafsiri, na baba, ambaye alikuwa amevaa koti lake la harusi, alianza kueleza kwa unyenyekevu habari za Lukasi, ng'ombe wake, milima yake, miaka yake ya ugenini.

Papa Ezebio alicheka mpaka akakohoa. Alisema katika filamu ya kweli hakuwa na jina. Alikuwa jambazi wa tatu. Alikuwa na sentensi moja tu, "Farasi huyu ni wangu," basi; kwingine kote alitazama tu, na baba ndiye aliyemjazia maneno. Na hata hiyo sentensi moja haikuwa sauti yake.

"Aje?" niliuliza, ingawa watoto hawakutakiwa kuingilia. "Sauti ilikuwa ya nani?"

Alinieleza kwamba zamani zile, Waitaliano walipokuja kupiga filamu za farasi katika jangwa la kusini mwa nchi yake, hawakurekodi sauti za waigizaji. Kila mtu alizungumza lugha yake mbele ya kamera, na baadaye, ndani ya chumba kilichofungwa, watu wengine walitia maneno. Hata katika filamu za Kihispania, yeye aliwekewa sauti ya mtu mwingine, kwa sababu alizungumza kama watu wa kijijini kwao, wachunga nguruwe, na wakubwa wa Madrid waliona lafudhi hiyo ni ya kuchekesha. Alikuwa ameonekana katika filamu nyingi sana, na katika zote hizo hakuwahi kusikia sauti yake mwenyewe. "Baba yako," alisema, na mama alitafsiri taratibu, "si wa kwanza kusema badala yangu. Lakini ni wa kwanza kunipa mambo ya kusema."

Ndipo baba, akiwa ametiwa moyo, akafika kwenye kifo cha Lukasi. Alilisema lile neno la mwisho kama alivyolisema chumbani, kwa sauti ya chini. Mama alitafsiri. Papa Ezebio aliweka kikombe chini.

"Nani alikuambia hivyo?" aliuliza.

"Hakuna mutu," baba alisema. "Niliangalia uso. Mutu anayekufa kwa hasira hafanye vile na mudomo. Huyu alikuwa anaita mutu."

Masere Pilar alikuwa ametazama nje, kwenye ua wa maua ya mama, na alisimama ghafla akisema ana wagonjwa. Baadaye usiku ule nilimsikia mama akimwambia baba kwamba wale ndugu wawili hawazungumzi kama ndugu. Wanazungumza kama watu waliokutana kwenye foleni.

Kabla ya kuondoka, Papa Ezebio alimwomba baba ruhusa. Jumapili ya tatu kutoka siku ile, kabla ya ndege yake, alitaka kukaa juu ya kreti na kumsema Lukasi yeye mwenyewe, kwa Kiswahili, maneno yale yale ya baba. Baba alikubali papo hapo, kisha akaogopa kwa wiki tatu nzima.

Mimi nilifanywa mwalimu. Kila alasiri nilikaa naye barazani, nikamsomesha maneno ya Lukasi mstari kwa mstari. Nilikuwa nimeyaandika kwenye daftari la hesabu kama baba alivyoyatamka, na baba alikasirika kuyaona kwenye karatasi, akasema yamekuwa madogo. Nilimwekea mzee sharti: kila mstari anaoukariri, anijibu swali moja. Hivyo ndivyo nilivyoyapata maisha yake, kipande hapa na kipande pale, bila mpangilio. Alizaliwa katika kijiji cha mizeituni na vumbi jekundu, baba yake mchungaji wa mifugo ya watu. Alipokuwa na umri kama wangu, kundi la waigizaji wa kutangatanga lilipita kijijini na gari lao bovu. Mtoto wao aliyeigiza maiti katika mchezo wao alikuwa ameshikwa na surua, wakatafuta mtoto mwingine wa kulala ndani ya jeneza. Wakamchukua yeye. Alilala kimya, akasikia ukumbi mzima ukimlilia, na mama yake mwenyewe, aliyekuwa amekaa mbele na kujua wazi kwamba mwanawe yuko mzima, alilia kuliko wote. Aliniambia kwamba pale ndani ya jeneza alijiuliza swali ambalo hakuwahi kulipatia jibu: kwa nini mtu alie kwa jambo analojua si kweli? Alipofika miaka kumi na minne aliondoka na kundi lile kwenda kulitafuta jibu.

Nilitaka kujua kila kitu. Amekufa mara ngapi kwenye filamu? Aliacha kuhesabu baada ya thelathini. Kifo gani ni kigumu? Kuanguka kutoka juu ya farasi, kwa kuwa farasi hajui kwamba unaigiza. Je, mchanga unaingia mdomoni? Unaingia. Alinieleza kuhusu Madrid, ambako alilala kwenye bohari la mavazi ya jukwaani, amejifunika joho la mfalme, na jinsi mwalimu alivyomtia kizibo cha chupa katikati ya meno ili asahau lafudhi ya kwao. Sinema ilimpa chakula, alisema, lakini jukwaa lilimpa watu. Miaka mingi aliigiza mameya, vipofu, mababu, na kila usiku sauti ilikuwa ya koo lake ingawa lafudhi ilikuwa ya kuazima. Alikuwa na binti mmoja, daktari wa meno, asiyependa maigizo. Nilipomuuliza kwa nini aliacha kazi, aliniambia nimpe mistari miwili kwa swali hilo. Nikampa. Ndipo akasema kwamba siku moja, katikati ya mchezo alioucheza mamia ya mara, maneno yalimtoka. Yalimtoka yote kwa pamoja, kama maji ndoo ikipasuka. Alisimama mbele ya watu mpaka pazia liliposhushwa. Tangu siku hiyo hakupanda jukwaani tena.

"Na Jumapili yakikutoka?" nilimuuliza.

"Hilo ni swali jingine," alisema. "Huna mstari wa kulipia."

Mstari wa mwisho tuliufikia Jumatano. Aliukariri upesi kuliko yote, na swali langu nilikuwa nalo tayari tangu siku ya chai. Katika filamu ya kweli, pale mchangani, alikuwa anamwita nani? Alijibu akitazama mikono yake. Wiki ile ya kupiga picha ile alipata telegramu kwamba mama yake amefariki. Aliomba ruhusa ya kwenda kuzika. Mkuu wa filamu alimwambia akienda asirudi, na yeye alikuwa kijana mwenye njaa, ndiyo kwanza ameanza kupata kazi. Alibaki. Siku ya kufa kwake kwenye filamu alianguka kama alivyoagizwa, na kwa kuwa alijua sauti yake hairekodiwi, akasema alilotaka kusema, kwa lugha ya kijijini kwao. Mtu wa kamera hakusimamisha. Baadaye, ndani ya kile chumba kilichofungwa, wakatia mkoromo wa mtu mwingine.

"Masere anajua?" niliuliza, bila kujali kwamba mistari imekwisha.

Hakujua. Wakati ule dada yake alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, alimzika mama yao yeye na baba yao, peke yao, na baadaye aliona picha ya kaka yake kwenye gazeti, amevaa kofia pana, akicheka. Mwaka uliofuata aliingia utawani. Hakuwahi kutazama filamu yake hata moja. Hakuwahi kumuuliza, na kaka hakuwahi kueleza. Aliona haya.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda zahanati bila kumwambia mtu. Masere Pilar alikuwa anafunga kidonda cha mzee mmoja. Nilimwambia anakaribishwa Jumapili. Alisema Jumapili ana kazi. Nilisema ni saa moja tu. Alisema hapendi mambo ya filamu. Nilikuwa nimeishiwa maneno, nikasema lile pekee lililobaki kichwani:

"Masere, kaka yako atakufa Jumapili saa tisa. Batu wote watakuwa pale, isipokuwa wewe."

Mzee wa kidonda aliruka kitini. Masere alinitazama, bendeji mkononi, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona akicheka. Hakusema atakuja. Aliniambia niondoke, ninaleta vumbi.

Jumapili ile watu walijaa mpaka wengine wakasimama nje na kutega masikio kwenye mbao. Habari ilikuwa imefika Kibati na kupita: Lukasi mwenyewe yuko Goma. Baba alivaa koti la harusi tena. Walikaa pamoja mbele, baba juu ya kreti na Papa Ezebio juu ya kiti chetu cha nyumbani, mikro moja kati yao. Masere alikuja filamu ikiwa imeshaanza, akakaa karibu na mlango, miguu imeelekea nje kama mtu anayepita tu.

Lukasi alipofungua mdomo mara ya kwanza na sauti ya yule mzee ikatoka, nene, yenye kokoto ndani yake, "Hizi ngombe ni za baba yangu," chumba kizima kilipiga yowe la furaha. Matamshi yake yalikuwa mabaya. Alivuta maneno mahali pasipotakiwa. Lakini ilikuwa kama uso ule uliochujuka umerudishiwa damu. Baba alisema sehemu za wengine, mzee akajibu, wakaenda hivyo kama watu wawili wanaopokezana mzigo mlimani, na mimi, daftari magotini, nilifuata kila mstari kwa kidole. Hakukosea. Hakukosea mpaka risasi ilipolia na Lukasi akaanguka mchangani.

Picha ilibaki juu ya uso. Midomo ikacheza. Mzee alishika mikro na hakusema kitu.

Nilifikiri anangoja. Kisha nikaona shingo yake, mishipa imesimama, naye amekodoa macho kama mtu aliyefungua mlango akakuta ukuta. Maneno yalikuwa yamemtoka. Baba alinyoosha mkono kuchukua mikro, lakini akasita. Na katika kimya kile, kutoka benchi la pili, Hangi akasema, polepole, kwa namna ya kumwongoza mtoto:

"Mama..."

Mwanamke mmoja nyuma yake akaendelea, "usifunge mulango." Halafu wote, waliokaa na waliosimama, na wale wa nje nyuma ya mbao, kila mtu aliyewahi kulia katika chumba kile, wakasema kwa pamoja: "Niko njiani."

Papa Ezebio aligeuka akawatazama. Aliinua mikro. Hakuurudia mstari wa baba. Alisema kitu kingine, kifupi, kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeijua, na haikuwa na lafudhi ya Madrid. Tulielewa hilo kwa kumtazama Masere. Alikuwa amesimama mlangoni, amejishika kifua.

"Kumbe ulikuwa unamuita," alisema. Alisema kwa Kiswahili chetu, mbele ya watu wote, nadhani kwa sababu miaka thelathini ilikuwa imemfanya azungumze hivyo anaposahau kujilinda. "Eusebio, ile siku ulikuwa unamuita mama."

Watu walimpisha. Alipita kati ya mabenchi akaenda kukaa chini karibu na kiti cha kaka yake, juu ya udongo, na kanzu yake nyeupe. Filamu iliendelea bila mtafsiri. Kijana mwenye macho ya bluu alishinda vita vyake vyote na hakuna aliyemtazama. Baadaye Masere alimweleza mama maneno yale. Kaka yake alikuwa amesema, "Mama, nimechelewa." Baba aliposikia, alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Hakujisifu kwamba alikaribia. Alisikitika kwamba hakupata kamili. Naye Papa Ezebio, alipokuwa anaagana nasi, alituambia kwamba katika majumba ya maigizo ya kwao kulikuwa na mtu mmoja aliyefichwa ndani ya sanduku mbele ya jukwaa, kazi yake kunong'oneza maneno kwa mwigizaji aliyesahau. Mtu mmoja. Alisema hakujua kwamba mahali pengine kazi hiyo hufanywa na mji.

Aliondoka siku tatu baadaye. Hakurudi Goma, lakini barua zilikuja kwa Masere, na Masere alitusomea sehemu zinazotuhusu. Tulisikia kwamba amekubali kazi ndogo katika filamu ya vijana fulani, nafasi ya mzee wa kijijini, na kwamba safari hii walimtaka kwa lafudhi yake na sauti yake. Miaka michache baadaye alifariki akiwa usingizini. Masere alimwombea misa, na chumba cha video kilifungwa siku nzima.

Sasa chumba hicho hakipo. Mahali pake pana duka la simu, na watu wa Goma wanatazama filamu mmoja mmoja, vifaa masikioni, hata walio kwenye kochi moja. Mimi ni mkalimani katika ofisi za Himbi. Kazi yangu ni kusema walichosema watu, bila kuongeza na bila kupunguza, na wananisifu kwa usahihi wangu. Zamani niliona baba ni mwongo mwenye kipaji. Leo, ninapotoka kwenye mikutano ambamo kila neno limetafsiriwa sawasawa na hakuna aliyeelewana na mwenziwe, sina hakika tena na neno hilo. Kumjua Papa Ezebio wakati ule kulinigharimu wiki tatu na daftari zima. Mwezi uliopita niliandika jina lake kwenye simu, na kwa kufumba na kufumbua nikapata orodha ya filamu zake zote, kijiji alichozaliwa, wasifu wa mistari mitano. Goma haimo. Ile filamu ndogo ya mwisho ilikuwamo, na maandishi ya Kifaransa chini yake.

Nilimpelekea baba. Amezeeka, koo lake limeharibika, anazungumza kwa mnong'ono. Tuliketi na simu kati yetu. Papa Ezebio alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba ya mawe, akimwambia jirani jambo fulani, na sauti ilikuwa ile ile, yenye kokoto.

"Anasema nini?" baba aliniuliza.

Nilisoma maandishi. "Anasema kesho mvua itanyesha."

"Hapana," baba alisema. "Uso wake hauseme mvua."

"Uso unasema nini, papa?"

Aliisogeza simu karibu na macho. Alitazama mpaka mzee wa kwenye filamu akainuka, akaingia ndani, na mlango ukabaki wazi.

"Sijue," alisema. "Zamani ningesema kitu."

Nikayaondoa yale maandishi, nikarudisha picha nyuma, na tukamtazama tena tangu mwanzo.